Nyumba ya Goba

Mjomba alitoa sharti moja tu kabla hatujapanda Noah: tukifika Goba, mtu yeyote asioneshe kwamba nyumba ameipenda. Tununue tukiwa tumenuna. Tukakubali wote, hata Shangazi.

Mimi nilipanga kwenda na mke wangu tu, tuulize bei, turudi zetu Tabata. Lakini kwetu nyumba hununuliwa na ukoo. Mnunuzi kazi yake ni kulipa. Mama mkwe alitaka ahakikishe choo hakielekei kibla. Shemeji yangu, mwaka wa tatu chuoni, anasomea sheria, alikuwa na wimbo wake: Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Aliuimba Segerea, akaurudia Kinyerezi. Tukamwambia anyamaze, mwenye nyumba tumeshaongea naye kwenye simu na sauti yake ni ya mtu mwema.

Mjomba ndiye ambaye mafuriko ya Desemba 2011 yalimtoa Jangwani yakamtupa Mabwepande. Tangu hapo anaamini nyumba hutazamwa masika, maana kiangazi kila bonde ni kiwanja kizuri. Sasa ilikuwa Septemba, kwa hiyo alikuja na ndoo. Alipofika uani aliijaza maji, akayamwaga chini, akachuchumaa kuyatazama yanakokwenda. Watoto wa jirani wakaja kuchuchumaa naye. Maji yalikata kona, yakatafakari kidogo, yakaingia ardhini. Mjomba akaguna. Hakuna aliyejua kama ni guno la kufaulu au la kufeli.

Sharti lake lilidumu mpaka mlango wa sebuleni.

"Mashallah! Kitanda changu hapa hapa!" Shangazi alishaivua kanga begani, anapimia ukuta. Hakuna aliyewahi kumwambia atahamia kwetu. Hakuna pia mwenye ubavu wa kumwambia hatahamia. Dalali akamnong'oneza mwenye nyumba, na bei ikapanda kutoka milioni 65 hadi 70 tukiwa tumesimama.

Mjomba, kwa hasira, akamfukuzia Shangazi jikoni. Kama alikosea au alipatia, mpaka leo hatujaelewana. Huko Shangazi alimkuta mama mwenye nyumba anakata bamia. Tukawasikia wanaulizana makwao, wanacheka, wanagundua wote ni wa Handeni. Kisha:

"Sasa mwenzangu, mkishauza mnahamia wapi?"

Kisu kikanyamaza.

"Tukishauza nini?"

Alikuja sebuleni nacho mkononi; nadhani alisahau tu kukiweka chini. Kumbe mumewe alimwambia sisi ni mafundi wa bati, tumekuja kutazama panapovuja. Na kwa ile ndoo ya Mjomba, mama wa watu aliamini. Mume akakumbuka ana mtu wa kumpigia simu, huko nje. Dalali alitokea wapi hatujui, maana geti lilikuwa na kufuli. Sisi wengine tuliaga kwa adabu zote, na Shangazi akapewa bamia za kuondokea.

Njia nzima Shemeji hakusema neno. Afadhali angesema.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na safari ya Madale, nikapitia pale. Ukutani, kwa rangi nyekundu, waliandika herufi kubwa kama zile tunazoziona mji mzima: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake, mwandiko ni mwingine, wa mtu aliyebonyeza brashi kwa nguvu: HATA BABA AKISEMA.

Niliporudi nyumbani nilikuta kirikuu kimesimama mbele ya vyumba vyetu viwili vya kupanga, na vijana wawili wanabishana namna ya kupitisha mlangoni kitanda cha mninga, futi sita kwa sita, kutoka Keko. Shangazi alikuwa anawaelekeza. Alikiagiza hata kabla hatujaenda Goba, akalipa nusu.

"Na nusu nyingine?" nikauliza.

"Atamalizia mwenye nyumba," akasema, akanitazama mimi.