Jinsi ya Kupaka Gari Kuukuu Rangi Bila Kuuza Ng'ombe

Gari lako sasa lina rangi nne: nyeupe ya kiwandani, kijivu ya mlango ulionunua baada ya ule wa zamani kugongwa, nyekundu ya udongo wa Tongaren, na kahawia ya kutu. Nyeupe ndiyo pekee iliyoandikwa kwenye logibuku. Ukilipeleka karakana kubwa ya Kitale au Eldoret, utatajiwa bei itakayokufanya uanze kuhesabu ng'ombe zizini. Waache ng'ombe wale nyasi zao. Kazi hii inafanyika hapa hapa Naitiri kwa pesa kidogo, mradi ukubali kwamba usichotoa mfukoni utakitoa kwa jasho na subira.

1. Kwanza lioge

Kabla ya kununua hata kopo moja, osha gari kwa sabuni mpaka maji yatoke safi. Magari mengi yanayolilia rangi yanahitaji kuoga tu, kisha kusuguliwa. Rangi iliyopauka imeungua juu, na chini yake bado ni nzima. Chukua kompaundi na kitambaa laini, usugue kona moja ya boneti. Rangi ya zamani ikianza kung'aa, sugua gari zima, malizia kwa nta, na ng'ombe wako wamepona. Lakini kama lakka ya juu imebabuka vipande vipande, kompaundi haitairudisha. Endelea na hatua ya pili.

2. Inama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kutu inakaa huko huko mvunguni. Angalia chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu na chini ya zulia. Matope ya masika hujificha huko na kushika maji muda mrefu baada ya barabara kukauka. Chukua bisibisi ugonge polepole. Bisibisi ikipenya, gari linamhitaji mchomeleaji kabla ya mpaka rangi. Kuziba tundu kwa fila ni kuiandalia kutu chumba chenye mlango uliofungwa, kwa sababu maji yataingia kwa nyuma na fila itaanguka yenyewe barabarani.

Pasipo na tundu, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kisha paka praima siku hiyo hiyo. Umande wa alfajiri ya Naitiri hauhurumii chuma kilicholala uchi.

3. Piga msasa mpaka jirani akuulize una nini

Hapa ndipo kazi nzuri inapopatikana, na hapa ndipo mafundi wengi hutaka kupita harakaharaka. Utasikia, "Bosi, hii tunapiga juu juu tu, haitaonekana." Mjibu kwa heshima, "Fundi, itaonekana." Rangi ya kung'aa hutangaza kila mkwaruzo ulioachwa chini yake.

Mpango ni huu. Kwenye kutu na fila, anza na msasa namba 80, kisha 180. Fila isugue ikiwa kavu, kwa maana hunyonya maji kisha huyapeleka kwenye chuma. Iwe nyembamba, ya milimita chache tu. Bonde kubwa linyooshwe kwa nyundo kwanza. Rangi ya zamani iliyo imara haihitaji kung'olewa. Isugue kwa maji kwa namba 400 mpaka ipoteze mng'ao wote, ili rangi mpya ipate pa kushika. Praima ikikauka, pita na namba 600. Mwisho, futa mafuta na vumbi kwa kitambaa safi, na usiiguse tena kwa kiganja.

Fungua taa, vioo vya pembeni na vishikio vya milango. Visivyofunguka, vifunike kwa gazeti na tepu. Gari lenye rangi kwenye mpira wa dirisha hueleza historia yake yote kabla mwenye gari hajasema neno.

4. Chagua rangi kwa akili

Kwanza ijue rangi iliyopo. Lowesha kitambaa kwa thina ya NC (rangi ya nitroselulosi), usugue mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni NC. Ikikunjamana, ni rangi ya mafuta, na ukipiga NC juu yake gari lote litakunjamana. Isipotikisika, huenda ni ile ya kuchanganywa na hadna (kigumushi), ambayo mafundi huiita 2K.

Namba ya rangi iko kwenye kibandiko, mara nyingi chini ya boneti au kwenye ukingo wa mlango wa dereva. Toyota nyeupe yenye 040 na nyeusi yenye 202 ni rangi za kawaida ambazo mchanganyaji yeyote anazijua. Usimwambie "nyeupe tu". Nyeupe ni nyingi.

Kwa mfuko mwepesi kuna njia tatu.

NC hupulizwa kwa kompresa, hukauka haraka na hurekebishika kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba hupauka mapema na haipendi petroli iliyomwagika. Ukipaka asubuhi yenye unyevu, hufanya ukungu mweupe.

Njia ya pili haihitaji kompresa: rangi ya mafuta kama ya mageti, iliyolainishwa kwa tapentaini na kupakwa kwa rola ndogo ya sponji. Paka tabaka jembamba, acha likauke usiku kucha, na kila baada ya matabaka mawili sugua kwa maji kwa namba 800. Mtu asiye na subira atapata gari lenye ngozi ya chungwa. Mwenye subira atamalizia kwa namba 1500, kisha 2000 na kompaundi, na watu watamuuliza alipuliziwa wapi.

2K hudumu kuliko zote, lakini hadna yake ina aisosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu. Kama fundi hana barakoa inayofaa na mahali penye hewa, usimpe kazi hiyo hata akikupunguzia bei. Na kwa rangi yoyote ile, jiko la makaa na sigara vikae mbali na thina.

5. Sikiliza mahindi

Msimu wa mvua haufai. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ni kizuri, ila ndicho kipindi cha kupukuchua mahindi, na mashine ya jirani itakupambia boneti kwa makapi. Muulize ratiba yake. Mwagia sakafu maji vumbi litulie, anza kazi umande ukishakauka, na ufanyie kivulini. Usipake jioni chini ya taa, hasa mvua za kwanza zikinyesha. Kumbikumbi ni watamu kwenye sahani, lakini hawabanduki kwenye rangi mbichi.

6. Ikumbuke serikali

Ukirudisha rangi ile ile, huna jambo. Ukibadilisha nyeupe kuwa bluu, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili logibuku iseme kweli, la sivyo utapata kazi ya kujieleza kwenye kila kizuizi cha polisi kati ya Misikhu na Kitale. Wenye matatu wasisahau mstari wa njano, uliowekwa na kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004.

7. Pesa zikiisha katikati

Anza na kutu, kisha praima, kisha rangi. Gari lenye mabaka ya praima kwa miezi michache halipendezi, lakini linavumilika; ila usiliache hivyo hadi mvua zianze, maana praima nyingi hupitisha maji. Gari lililong'arishwa juu ya kutu linaoza kwa siri. Na kama nia yako ni kulipaka leo umuuzie jirani kesho, mwonyeshe kwanza palipochomelewa. Rangi ya bei nafuu ni halali kabisa; kuificha kutu chini yake ni wizi. Lihifadhi gari lako, lipe jasho linalostahili, na ng'ombe wabaki zizini.