Shangazi wa Chunguni: Majani Yamenikimbia

Wiki hii sanduku la barua limejaa malalamiko juu ya mti mmoja: fikasi, ule wenye vijani vidogo vinavyong'aa na matawi yanayoinama, mliouzoea kwenye mapokezi ya hoteli. Kwao ni Asia, kuanzia India hadi kaskazini mwa Australia, na jiji la Bangkok limeufanya mti wake rasmi. Huku kwetu umefanywa mshtakiwa. Tuanze kesi.

*Shikamoo Shangazi. Nilimwona kando ya barabara, kitaluni, amesimama juani, kapendeza, nikampenda hapo hapo. Bei sikubishana sana. Nikamleta nyumbani kwa bajaji, nikampa kona nzuri karibu na televisheni. Haikuchukua muda akaanza kunyonyoka. Nikamhamishia chumbani, akazidi. Nikamtoa barazani, akazidi. Sasa amebaki mifupa, na chungu nilimnunulia cha bei mbaya. Nimemkosea nini?*
*Niliyeachwa, Sinza*

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimeshika kalamu nikuelekeze kwa shehe, mpaka nilipofika kwenye chungu.

Hujamkosea, umemhangaisha. Majani yaliyoota kwenye jua kali yameumbwa kwa jua lile. Ukiyaingiza kwenye kona ya giza yanakula kuliko yanavyozalisha, na mti unayaachisha kazi ili uote mengine yanayoweza kuishi na mwanga mdogo. Ulipouhamishia chumbani ukaanza hesabu upya. Barazani, upya tena.

Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa na kijani, mti u hai. Pakiwa pakavu na rangi ya udongo, jaribu chini zaidi kabla hujatangaza msiba. Kisha uweke karibu na dirisha lenye mwanga, mbali na upepo wa kiyoyozi, na uondoe mikono. Maji kidogo tu, maana mti usio na majani haunywi sana. Mbolea usiutie mpaka uchipue. Na ile kona ya televisheni iachie televisheni.

*Shangazi, kwangu mti haupuuzwi hata kidogo. Mimi naumwagilia asubuhi kabla ya kazi. Dada wa kazi anaumwagilia mchana akipiga deki. Mzee akirudi jioni anaupa maji yaliyobaki kwenye chupa yake, na mtoto huumwagia chai akiona hatumwangalii. Majani yamekuwa manjano na udongo unanuka. Tuongeze nini?*
*Mama wa Wengi, Kilimani*

Ongezeni tundu. Naweka dau kwamba chungu chenu ni kile cha mapambo, kizuri juu, kimezibwa chini. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikaa majini inaoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hiyo mti unanyauka kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Ninyi mkiuona umenyauka, watu wanne mnakimbilia kopo.

Utoeni. Kateni mizizi iliyolegea na kuwa myeusi, muupande kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga wa mto, katika chungu chenye tundu. Halafu mteue mtu mmoja, kwa kura ikibidi. Huyo ndiye atakayezamisha kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Akikuta unyevu, aende zake. Akikuta pakavu, amwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha amwage yaliyotuama kwenye kisahani. Wengine watatu wapandieni sukuma wiki nje.

*Shangazi, sakafu chini ya mti wetu inanata kila siku. Hakuna aliyemwaga soda, lakini sisimizi wamepanga foleni. Mama mkwe yuko hapa kututembelea. Amegusa, akanusa, akaonja, akasema ni tamu, na kwamba kitu kitamu kisicho na mwenyewe kimetegwa na mtu. Anataka tumwite mganga.*
*Mkwe Mwema, Tanga*

Mama amekosea jambo moja tu: mwenyewe yupo. Geuza jani uangalie kwenye mshipa wa katikati, kisha kwenye vijiti. Vile vidoa vya kahawia vilivyotuna, ambavyo siku zote umedhani ni sehemu ya mti, ni vidugamba. Wamejibanza hapo wakifyonza maji matamu ya mti. Sukari inayowazidi wanaitoa kwa nyuma, nayo inadondokea sakafuni. Hiyo ndiyo aliyoonja mama. Usimwambie.

Sisimizi wanaifuata sukari, na huwalinda vidugamba wanaowapa. Wabandue kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, jani kwa jani, juu na chini. Rudia kila wiki, kwa sababu watoto wao ni wadogo mno kuonekana wote mara moja. Mama akisisitiza kwamba lazima kitu kifanyike, mpe kitambaa.

*Shangazi, mume wangu amesoma kwenye simu kwamba mti huu husafisha hewa ya ndani. Amefunga madirisha yote ili mtaa usituchafulie. Nikikaanga samaki, moshi unalala nasi. Nikilalamika anasema tuupe mti muda.*
*Anayehema kwa Shida, Mwanza*

Habari hiyo ina asili yake. Mwaka 1989 wataalamu wa NASA walitoa ripoti ya majaribio ya mimea ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa kabisa, wakifikiria vyombo vya anga. Kule hewa ilipungua sumu kweli. Lakini mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani walipitia majaribio ya aina hiyo na kupiga hesabu ya nyumba ya kawaida, yenye milango na nyufa. Wakakuta kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Sebule ya mita za mraba 20 ingetaka mimea 200 kwa uchache. Muulize mumeo yeye atakaa wapi, kisha ufungue dirisha.

*Shangazi, fikasi yetu imegonga dari. Nataka kuipanda nje, kati ya ukuta wa jirani na shimo la maji taka. Pale pana unyevu mzuri.*
*Mwenye Huruma, Nyali*

Usithubutu. Chungu ndicho kilichoufanya mti huo uwe mpole. Ukiwa huru unaweza kufika mita 30, na mizizi yake hufuata unyevu popote ulipo, bomba lako likiwemo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fikasi itakuletea ufa, na ukuta utajenga wa watu.

Ukate badala yake, juu kidogo ya pale jani linapoota. Vaa glavu na utandike magazeti, maana utomvu wake mweupe huwasha ngozi, na watoto na paka wasiutafune. Kila baada ya miaka michache utoe chunguni, upunguze mizizi ya pembeni, uurudishe mlemle na udongo mpya.

Kwa wasomaji wote: Katika barua zote za wiki hii, hakuna hata moja iliyosema "niliusahau". Fikirini juu ya hilo kabla hamjashika kopo.

Na tafadhali, msinitumie tena majani ndani ya bahasha ili niyachunguze. Yanafika yamekauka yote, wagonjwa kwa wazima, na jambo hilo limeshanifanya nimpe pole mtu ambaye mti wake haukuwa na neno.