Vitamini za Shemeji

Ukiugua malaria watu wanakupa pole. Ukiugua sukari wanakupa dawa. Mtaani kwetu kila mtu ana ya kwake: fundi viatu ana unga wa mlonge, mama wa genge ana karela, mwenye nyumba ana mdalasini ambao, kwa maelezo yake, ulimtoa mjomba wake kwenye sindano. Hao nawavumilia, maana vyao angalau vinapikika. Wanaonimaliza ni watu wa makopo.

Mdogo wake mke wangu ameingia kwenye biashara ya vitamini, ile ya kutafuta watu wa kuwa chini yako, nao watafute wa chini yao. Alipowakosa wote akanikumbuka mimi. Kaja na kopo lenye picha ya simba, kaliweka katikati ya meza, juu kabisa ya gazeti nililokuwa nasoma.

"Shemeji, hizo metformin zinakuua figo. Wenzako wakianza hii wanazitupa."

Kinachoua figo ni sukari isiyoshuka. Metformin, dawa yangu ya sukari, daktari huipunguza au kuisimamisha figo zikishachoka, na ndiyo maana tunapimwa. Lakini nani akusikilize mbele ya simba? Nikavaa miwani, nikageuza kopo nyuma. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Cha kwanza: sukari. Cha pili: ladha ya embe. Vitamini zenyewe zilikuwa mkiani huko, zimebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni.

"Shemeji, hii si ndiyo sukari yenyewe?"

"Hiyo ni ya asili."

Nikamwambia kwamba Marekani waliwachukua watu zaidi ya 2,400 waliokuwa wanakaribia kisukari, nusu wakapewa uniti 4,000 za vitamini D kila siku, nusu vidonge vitupu. Majibu yalipotoka mwaka 2019, tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Na hao walikuwa hawajafika nilipofika mimi. Akasema Wamarekani wanaficha siri. Nikamwambia tena kwamba vitamini C ikizidi sana mwilini inaweza kuzidanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari, zikasoma juu kuliko ilivyo. Yaani nilipie kopo la kushusha sukari, halafu mashine inipigie kelele kwamba imepanda! Akaanza kutafuta chaji ya simu.

Linaloniudhi hasa ni kwamba ipo vitamini moja inayotuhusu sisi wa metformin, na hiyo hakuna anayeipigia debe. Inaitwa B12. Ukiimeza metformin miaka na miaka, utumbo unaanza kushindwa kuifyonza hiyo B12. Ikipungua, mishipa ya fahamu inaumia: nyayo zinakufa ganzi, usiku zinawaka moto. Sasa kisukari chenyewe nacho hufanya vivyo hivyo! Mtu anakaa anasugua miguu, anasema "sukari hiyo", kumbe huenda ni B12 imeisha, na kipimo cha damu kingemwambia. Chama cha kisukari cha Marekani kinashauri watumiaji wa metformin wapimwe mara kwa mara. Mimi ilibidi niombe mwenyewe, na nikaangaliwa kama mtu aliyeagiza pilau kwenye foleni ya benki.

Inapatikana kwenye maini, mayai, maziwa, hata dagaa. Kwenye mlonge haimo, na fundi viatu nimeshamwambia. Hatusalimiani vizuri tangu siku hiyo. Wala haishushi sukari hata kidogo. Kazi yake ni kujaza pengo lililoachwa na dawa, na dawa inabaki palepale.

Majibu yangu yalitoka chini, nikapewa vidonge. Vimetiwa kwenye kibahasha cha karatasi, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu "1×1", basi. Hakina simba. Shemeji alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku akitafuta picha.

"Hii ndiyo vitamini?"

"Ndiyo hiyo."

"Na inauzwa bei gani?"

Nikamtajia. Akanyamaza, macho juu darini, midomo inachezacheza. Mtu anayepiga hesabu humjui? Juzi nimemsikia ukutani kwa jirani akieleza kwamba B12 inashusha sukari, presha na uzito. Jirani hana sukari, hana presha, na ni mwembamba. Kaagiza makopo mawili.