Zimwi la Daraja la Kwanza

Mpenzi wa riwaya za kutisha aliyebobea, hata hapa Malava, utamjua kwa dharau: Dracula ya mwaka 1897 kwake ni fasihi, mkimbiaji wa usiku anayerusha mawe juu ya bati ni ushamba. Lakini Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, naye aliokota imani za wanakijiji wa Transylvania, tena kutoka makala ya Emily Gerard ya 1885. Mpenzi huyo atajitetea kwamba ufundi ndio humtenga mwandishi na bibi msimulizi. Sawa, basi aupime ufundi, asipime anwani ya zimwi. Hata hivyo wasomaji wa aina hii hupatana ajabu: ubishi wa nani kasoma nini hukoma stima ikipotea, na mjuzi mwenyewe huwa wa kwanza kuomba asindikizwe chooni.