Eli ni Nani Hapa?

Shavu la kushoto la mzee lilikuwa limeshabusiwa na la kulia linafuata, ndipo mwandishi wa makala haya alipotokeza nyuma ya banda la ng'ombe na mzigo wa majani kichwani. Hakuwahi kuokoa chochote. Mgeni, dada wa Kihispania mwenye begi kubwa mgongoni na viatu vya kupandia mlima, alimalizia busu la pili bila haraka, akarudi nyuma hatua moja, akampigapiga begani mzee wa kanisa mstaafu, kisha akamwambia kwa Kiingereza kwamba kaka yake anamsalimu sana na anaomba zile euro arobaini alizomkopesha usiku wa Fallas.

Huenda mambo yangeishia hapo, maana mzee Kiingereza chake ni cha kusikilizia redio tu. Lakini pembeni alikaa mpwa wa mwandishi aliyemaliza kidato cha nne, na mpwa huyo ana bidii. Alitafsiri yote, kwa sauti ile inayosomea matangazo baada ya ibada: euro ni arobaini, Fallas ni sikukuu ya mji wa Valencia inayofanyika mwezi Machi, na usiku huo mzee alicheza juu ya meza.

"Nani? Mimi?" mzee akauliza.

"Ndivyo anavyosema, babu. Juu ya meza."

Haya yalitokea Marangu, Desemba, mwezi ambao Wachagga wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi mlimani kama walioitwa na mahakama. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa chini ya migomba kugawana gharama za ndafu. Kata ya mbege ilikuwa imefika kwa baba mkubwa, na ilibaki mdomoni pake muda mrefu kuliko desturi. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema, akasema: "Mleteeni isale."

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na kwa Wachagga ndiyo lugha ya kuomba radhi. Aliyekosa huleta jani lake lililofungwa fundo, na aliyekosewa akiletewa isale haruhusiwi kukataa kusamehe. Ni sheria nzuri sana kwa mkosaji. Tatizo la siku hiyo lilikuwa kumpata huyo mkosaji. Dada wa Kihispania alikuwa amesalimia kwa adabu zote za kwao, ambako mwanamke akitambulishwa kwa mtu, mwanamume au mwanamke, mashavu hugusana mara mbili na midomo kulia kidogo hewani. Hata nyumba hakuikosea. Alikuwa na karatasi yenye jina, na jina lilimpeleka mlangoni hasa kwa mwenye jina.

Hapo ndipo penye utamu wa habari hii.

Aliposhuka kwenye Noah pale Marangu Mtoni, mgeni aliwauliza vijana wa bodaboda anakoishi Eli. Wakamuuliza, Eli yupi? Wamisionari wa Kiluteri kutoka Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na vizazi vilivyofuata vilijenga mtindo wa majina usioisha hamu: unachukua *Eli*, lile la Kiebrania linalomtaja Mungu, unalibandika kwenye Kiswahili, mtoto amepata jina. Elinami. Elibariki. Elirehema. Elifuraha. Elisante. Ukivuka kwenda Kibosho au Rombo, kwa Wakatoliki, unakutana na kina Deogratias na Gaudence, wanaonukia Kilatini. Mwenyeji wa mkoa huu akisikia jina lako la kwanza tayari anajua kengele ya kanisa lipi ilikuwa ikikuamsha Jumapili. Vijana wa bodaboda wakamhesabia mgeni kina Eli wote wanaowafahamu, pamoja na mama mmoja mwenye duka la vocha, mpaka alipotoa karatasi yake. Humo liliandikwa jina la kwanza la mwandishi kwa herufi moja tu yenye nukta, halafu jina la baba yake, yaani mzee, kwa ukamilifu, halafu Temu, ambalo ni la ukoo. Kila mtu pale kijiweni anamjua mzee. Wakampakia mgeni.

Karatasi hiyo ilinakiliwa kutoka kwenye kisanduku cha barua cha mwandishi huko Valencia anakoishi, na kisanduku kile hakikuandikwa na mwandishi. Kiliandikwa na Hispania yenyewe. Kule kila raia ana jina lake, au mawili, halafu ana majina mawili ya ukoo: moja la upande wa baba, jingine la upande wa mama. Tangu 2017 wazazi ndio wanaotamka lipi litangulie. Kabla ya hapo, wasiposema kitu, la baba lilitangulia. Mwanamke akiolewa habadilishi hata herufi. Mchoraji Picasso baba yake alikuwa Ruiz na mama yake Picasso. Aliliacha la baba lisinzie. Mshairi Federico García Lorca watu humwita Lorca, na Lorca ni upande wa mama. Waziri Mkuu wa zamani, José Luis Rodríguez Zapatero, alijulikana kwa Zapatero kwa sababu kina Rodríguez wamejaa nchi nzima, jambo ambalo mtu yeyote wa ukoo wa Mushi anayeishi Kibosho atalielewa bila kuelezwa.

Ni mpango safi. Mtu unamsoma pande zote mbili bila kumuuliza. Shida huanza msomaji huyohuyo anapokutana na majina matatu ya Kitanzania, ambayo kwa sura ni yaleyale lakini kwa ndani yanakwenda njia nyingine kabisa: langu, la baba, la babu au la ukoo. Msome Samia Suluhu Hassan kwa macho ya karani wa Kihispania. Suluhu, ambaye ni baba yake, anageuka ukoo wa baba. Hassan anahamishiwa kwa mama. Mwalimu naye hasalimiki. Kambarage, jina alilopewa yeye mwenyewe utotoni, linakuwa ukoo wa baba yake, na Nyerere, ambaye ndiye baba, anakuwa mama.

Mwandishi alisomwa hivyohivyo. Jina la baba likawa ukoo wake wa kwanza, na kwa kuwa kule mtu huitwa kwa ukoo wa kwanza, zahanati ilimwita hivyo, benki ilimwita hivyo, na jirani wa ghorofa ya pili, baada ya kushindwa na urefu wake, alilikata likabaki Eli. Eli lilikuwa fupi na linatamkika. Mwandishi alilipokea, akajitambulisha nalo kazini na kwenye mpira wa Alhamisi, na halikuwa na ubaya wowote isipokuwa kwamba kwa Wahispania Eli ni kifupisho cha Elisa au Elisabet. Zahanati moja ilimwandikia kumkumbusha kipimo cha matiti. Muuza dawa humkabidhi dawa zake akimwambia azifikishe kwa mkewe. Mwaliko wa harusi ulimtaka avae gauni lisilo jeupe.

Angeweza kujiita Temu. Ndugu wamemuuliza hivyo, tena kwa ukali kidogo. Jibu ni kwamba mwaka 2022 lilizinduliwa Marekani duka la mtandaoni lenye makao yake ya asili China, likafika Hispania mwaka uliofuata, nalo linaitwa Temu. Wenyewe wanaeleza kwamba jina lao ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya unganeni, bei ishuke. Duka halijamkosea mwandishi kitu chochote. Kila mtu ana haki ya kujipa jina. Ila utani wa mtaani hauna mwenyewe. Wahispania sasa wakitaka kusema kitu fulani ni nakala ya bei nafuu, husema ni "cha Temu". Kijana anayekokota mpira vibaya ni Messi wa Temu. Jaribu kusimama kwenye chumba cha kusubiria chenye watu wengi, jina lako liitwe kwa kipaza sauti, na kila mmoja ageuke kukutazama kuona wewe ni nakala ya nani.

Wakati huohuo, kwenye rafu za maktaba yoyote inayojiheshimu Afrika Mashariki kipo kitabu cha historia ya Tanzania cha mwaka 1969, kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Jina lilikuwa juu ya jalada zaidi ya miaka hamsini kabla ya mtu kulitumia kuuzia vifuniko vya simu. Hakuna aliyecheka.

Kinachomshangaza mwandishi ni kwamba nchi hiyohiyo ina akili ya ajabu inapofika kwenye namba. Kitambulisho cha mgeni kule kina herufi X, Y au Z, halafu tarakimu saba, halafu herufi ya mwisho, na hiyo herufi ya mwisho haitoki hewani. Herufi ya mwanzo hugeuzwa kuwa 0, 1 au 2, namba yote hugawanywa kwa 23, na baki ndiyo inayochagua herufi kutoka kwenye orodha ya herufi 23 inayoanza T, R, W, A, G. Raia wenyewe wana tarakimu nane na hesabu ni ileile: 12345678 ukiigawa kwa 23 inabaki 14, na 14 ni Z. Herufi I, O, U na Ñ zimeondolewa kabisa kwenye orodha. Uzuri wenyewe ni kwamba 23 ni namba tasa. Ukikosea tarakimu moja, au ukibadilishana mbili zinazofuatana, baki hubadilika, herufi inakataa, na kompyuta inakujua papo hapo. Mwandishi amewahi kukaa jioni nzima akizikokotoa namba za wenzake kwenye karatasi kwa furaha tu, na zote zilitoka sawa.

Kompyuta hiyo yenye akili namna hiyo ndiyo inayogoma kuendelea kisanduku cha ukoo wa pili kikiachwa wazi. Wengine huweka nukta. Wengine hurudia ukoo wa kwanza, na hapo unazaliwa upya ukiwa Temu Temu. Katika ofisi moja mhudumu alichukua cheti cha kuzaliwa, akaona baba ni Temu na mama ni Temu, kwa sababu mama aliandikishwa kwa ukoo wa mumewe kama wake wengi wa kwetu. Akainua macho. Akauliza kwa sauti ya chini, ya huruma, ile wanayotumia madaktari, kama wazazi wana undugu wa damu.

Hilo halichekeshi sana. Wazazi wametolewa posa na kulipiwa mahari kwa taratibu zote, ukoo kwa ukoo, mbege ikanywewa pande zote mbili, halafu mtu anayelindwa na kioo anawageuza kaka na dada kwa sababu fomu yake ina visanduku viwili.

Tena mlima huu wenyewe umebeba majina ya wageni bila kumuuliza mtu ukoo wa mama yake. Hans Meyer alipofika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, tarehe 6 Oktoba 1889, alipabatiza jina la Kaiser Wilhelm, mtu ambaye hakuwahi kuonja mtori; lilikaa mpaka 1961 pakawa Uhuru. Mhandisi wa reli Clement Gillman ana sehemu yake kwenye ukingo wa kreta. Stella, mke wa Kingsley Latham, ana yake tangu miaka ya 1920. Mchungaji Richard Reusch ana kreta nzima. Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa hapahapa Marangu anayetajwa kuwa aliuongoza msafara wa Meyer, alifanyiwa sherehe ya kutambuliwa mwaka 1989, karne moja baada ya kazi.

Isale lililetwa hatimaye, na aliyelibeba ni mwandishi, kwa hoja ya shangazi kwamba deni ni lake. Mzee alilipokea, akasamehe kama inavyotakiwa, akauliza euro arobaini ni shilingi ngapi. Alipoambiwa ni kama laki moja na ushee, alikaa kimya kidogo.

"Hilo jina ni la kuombea," akasema, "si la kukopea."

Deni lililipwa palepale kwa fedha taslimu, na mgeni alipanda kwa njia ya Marangu kesho yake.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuondokea KIA kwenda nchi yenye majina mawili ya ukoo, mtafute mama yako kwanza. Muulize ukoo wa baba yake, kisha ukitazame cheti chako cha kuzaliwa uone kama ndivyo kilivyoandikwa. Kama sivyo, nenda RITA ukaombe kirekebishwe ukiwa bado uko nyumbani na mama yako yupo wa kutoa maelezo. Wa mwandishi ni Minja, na maombi yameshapelekwa.