Kanzu ya Bavyaa na Kunguru wa Kisauni

Karatasi ya muhula wa pili ilifika kwa simu saa nne za usiku, kwenye kikundi cha wazazi wa Gredi ya Nne. Mwaka huo wa 2024 mafuriko ya masika yalichelewesha shule hadi tarehe 13 Mei, kwa hiyo mwalimu alikuwa na wiki pungufu ya zile 14 alizopangiwa, na mambo ya kufundisha hayakupungua hata moja. Hisabati: sehemu, na vipimo vya urefu. Kiswahili: ngeli za nomino. Jamii: kaunti yetu, mipaka yake na majengo yake ya kale. Kilimo: kutengeneza mboji, kumwagilia kwa matone, kuunda sanamu la kutishia ndege na wanyama waharibifu. Haya matatu ya kilimo yaliwekewa nyota, na chini ya nyota paliandikwa: kazi ya nyumbani, mzazi asaidie, picha zitumwe.

Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985. Kilimo nilikisoma kwa kukariri. Udongo wa kichanga, wa tifutifu, wa mfinyanzi; nikaandika, nikapata alama zangu, wala sikuwahi kushika jembe. Mtaala huu wa umilisi, ambao wengi wetu twauita CBC, uliingia madarasa ya chini mwaka 2019 na Gredi ya Nne mwaka uliofuata, ili mtoto atende badala ya kuimba majibu. Naupenda kwa hilo, na nasema hivyo mbele ya wazazi wenzangu wanaoulaani. Lakini aliyeipanga kazi ile yenye nyota tatu alimwona mzazi mwenye shamba nyuma ya nyumba na mchana mrefu. Mimi hutoka kazini saa kumi na moja jioni, napanda matatu mbili hadi Kisauni, na ua wetu ni hatua kumi na mbili kwa tisa, kipimo alichokipata binti yangu mwenyewe kwa ajili ya Hisabati.

Tulianza na mboji, kwa kuwa ndiyo iliyotaka muda. Mume wangu alichimba shimo pembeni, chini ya mkungu. Binti akapanga tabaka kama alivyofundishwa: vijiti vikavu chini, majani ya mkungu, taka za jikoni, samadi ya mbuzi kutoka kwa jirani, jivu, udongo, kisha maji. Akachomeka kijiti kirefu katikati. Kijiti hicho ndicho kipimajoto cha wakulima: ukikichomoa baada ya siku kadhaa kikawa na joto mkononi, mboji inafanya kazi, kikiwa baridi, kuna kilichopungua. Sikujua hata moja ya hayo. Nilisimama kando na taa ya simu, nikifundishwa na mtoto wa miaka kumi.

Kosa lilikuwa dogo nalo lilikuwa langu. Aliniuliza kama vichwa vya changu ni taka za jikoni, nami nikajibu ndiyo, ni taka. Nyama na samaki hazitiwi katika mboji ya nyumbani, hunuka na kuita kila mwenye mdomo. Kesho yake alfajiri tuliamshwa na kelele kana kwamba ua umevamiwa. Kunguru walikuwa juu ya shimo, juu ya ukuta, juu ya kamba ya nguo, na vichwa vya samaki vilikuwa vimetapanywa hadi mlangoni. Miche ya mchicha tuliyoipanda kwenye magunia ilikuwa imeng'olewa, imelala juani mizizi juu.

Kunguru hawa wa shingo ya kijivu si wenyeji. Wa kwetu ni yule mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi hapa mjini hata haonekani kwa urahisi. Hawa wametoka Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka za mji, wakazaana, wakavuka bahari, na Mombasa walionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Huo ndio mwaka mavyaa wangu alipozaliwa Vanga, na yeye husema hao ni pacha wake wabaya. Hunyakua vifaranga na kumwaga mapipa ya taka, na mtu akianika dagaa hukaa naye hapohapo mpaka ainuke.

Basi sanamu likawa si kazi ya shule tena. Likawa haja ya nyumba.

Jumamosi ile nilikwenda Kongowea sokoni, mume wangu yuko kazini, na mavyaa alikuwa amealikwa hitima mtaa wa pili. Binti alibaki na kaka yake mkubwa ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu. Alichukua miti miwili, akaifunga msalaba kwa kamba ya katani. Akajaza gunia majani makavu kuwa kiwiliwili, na kichwa akakifanya kwa kifuu cha nazi. Kisha akaingia chumbani kwa bibi yake, akafungua sanduku.

Nilirudi kabla ya maghribi na mizigo mikono miwili. Nikakutana na mavyaa njiani, tukaandamana. Yeye alitangulia kupita mlango wa ua, nami nikamwona amesimama. Hakupiga kelele. Mkono wake ulipanda polepole ukaurekebisha mtandio kichwani, kama anavyofanya mke akimsikia mwenyewe ameingia. Pale kati ya magunia ya mchicha, katika mwanga ule wa jua linalozama, alikuwa amesimama marehemu bavyaa kwa kanzu yake nyeupe ya Idi na kofia yake ya viua, amenyoosha mikono.

Bavyaa alifariki mwaka 2021. Mavyaa alikaa eda yake miezi minne na siku kumi katika nyumba hii, kisha akaikunja kanzu ile kwa mikono yake, akaiweka sandukuni na karafuu. Hakuna aliyeigusa tangu hapo. Mimi mwenyewe nafagia chumba kile nikilizunguka sanduku.

Mizigo ilinianguka. Nilimtafuta binti kwa jina lake lote, na hasira niliyokuwa nayo sikuwahi kuisikia kabla. Alikuwa amejificha chini ya kitanda. Mavyaa aliingia, akakaa kitini, akaomba maji, akanywa. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nani kamvisha kanzu isiyopigwa pasi?"

Kisha akamwita. Mtoto akatoka na vumbi magotini, analia bila sauti.

"Mjukuu wangu, mbona nguo ya babu?"

"Mwalimu alisema sanamu lifanane na mtu ambaye ndege wanamwogopa, Bibi. Kunguru walikuwa wanamwogopa babu."

Ni kweli. Kila asubuhi baada ya sala bavyaa alikuwa akitoka uani na bakora yake, akiizungusha hewani, na kunguru wote wa mtaa walihamia paa la jirani mpaka aingie ndani. Tangu afariki wamerudi kidogo kidogo, na sisi watu wazima hatukutambua kwa nini. Mtoto aliyekuwa na miaka saba wakati ule ndiye aliyekumbuka. Mavyaa alimvuta akamlaza kifuani, nami nikatoka nje nikaokote nyanya zangu mchangani.

Kanzu alitaka iachwe. "Siku chache tu," alisema, "amwone kila apitaye." Mume wangu aliporudi usiku alisimama mbele ya sanamu muda mrefu, kisha akaenda kuwasha pasi.

Kunguru waliogopa siku mbili. Ya tatu mmoja alitua mkononi, akatembea hadi begani, akachungulia kifuu usoni. Ndege hawa hujifunza haraka. Kitu kisichosogea hawakipi heshima kwa muda mrefu. Adhuhuri ile, binti akiwa amesimama dirishani, kunguru aliidonoa kofia, akaivuta, akaipeperusha, akapotea nayo nyuma ya mkungu.

Kofia ya viua si kofia ya dukani. Kila tundu dogo huzungushiwa uzi kwa sindano, moja baada ya jingine, na kofia moja huchukua miezi. Hii mavyaa alimshonea mumewe mwenyewe, mwaka wa pili wa ndoa yao. Mume wangu hakungoja ngazi. Alivua viatu akaupanda mkungu, tuliochelewa kumwambia una maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba na kuuma bila kuonya. Alifika juu kwenye tundu kuukuu la kunguru. Lilikuwa limesukwa kwa nyaya za umeme, vipande vya hanga na kijiko changu cha chai. Kofia haikuwemo. Kunguru walimshukia kichwani kwa zamu, maji moto wakamwingia shingoni, tawi likamwacha.

Alitua katika shimo la mboji. Alizama mpaka juu ya vifundo, akakaa kitako, na kabla sijamfikia alitoa sauti ya mshangao: "Kuna moto huku chini!" Binti alikimbia, akachomoa kijiti chake, akakishika. Kilikuwa na joto kama kikombe cha chai. Baba alikuwa mzima, mwenye mikwaruzo na shingo iliyovimba; mboji nayo ilikuwa imeshika, siku ya kumi na moja barabara, binti akaandika hivyo daftarini kwake huku mimi nampaka baba yake mafuta.

Kofia ililetwa jioni na kijana wa jirani, aliyeikuta juu ya tangi lao la maji. Upande mmoja mistari miwili ya viua ilikuwa imechanwa.

Wiki hizohizo za Juni tulisikia redioni kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya limepanga kuua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Nilifurahi, na sifichi. Binti hakufurahi. Katika daftari lake paliandikwa kuwa binadamu ajifunze kuishi na wanyama, naye akauliza chakulani ni lipi la kweli, la daftari au la redio. Baba yake akasema yote mawili. Mavyaa alitafuna taratibu, akasema kunguru hafuati mtu, hufuata taka; funika vichwa vya samaki kwanza, kisha tuzungumze. Akaongeza kuwa kwao Vanga hakuna aliyetegemea sanamu.

Ndipo alipotuhadithia kuamia. Miaka kumi na tatu yote, niliyoolewa nyumba hii, sikuwahi kumsikia akiitaja. Mpunga ukianza kutia maziwa, watoto walipelekwa bondeni kabla ya jua, wakapanda dungu, jukwaa la miti la urefu wa watu wawili, wakakaa huko hadi magharibi wakiwatisha ndege kwa sauti na kwa teo. Yeye alianza akiwa na miaka minane. Shule alisoma muda mfupi. Msimu wa kuamia ulipoingia mwaka wa tatu alitolewa, na hakurudishwa. Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyosemea habari za taka, lakini binti aliacha kula.

Jumapili asubuhi mavyaa alitoka uani na teo, ukamba wa katani aliousuka usiku. Akaweka kokoto katika kitanga, akazungusha mara mbili, akaachia ncha moja. Kokoto lilipiga bati tupu juu ya ukuta kwa kishindo, na kunguru saba waliondoka mara moja. Umri wake ulikuwa miaka 77. Alimfundisha mjukuu jinsi ya kusimama, mguu upi mbele, na kwamba kokoto haliendi kwa ndege bali kando yake, maana haja ni aondoke, si afe. Sanamu walilihamisha kila alfajiri, leo pembe hii, kesho ile, na mikono yake wakaifunga vipande vya bati vinavyolia upepo ukivuma. Mchicha tuliupanda upya, tukautundikia chupa za maji zilizotobolewa kwa sindano ya moto, tone baada ya tone, na mtungi mmoja wa lita 20 tunaonunua mkokotenini ukatosha siku nne.

Picha niliyotuma kwa mwalimu haikuonyesha sanamu sawasawa. Ilimwonyesha mavyaa na teo hewani, binti nyuma yake amekunja uso kwa makini, na pembeni mkono mmoja wa kanzu. Tathmini ilirudi "amefikia matarajio". Nilitamani "amezidi", na bado natamani. Chini yake mwalimu aliandika swali: je, bibi anaweza kuja darasani muhula wa tatu?

Kanzu imerudi sandukuni, imefuliwa, imepigwa pasi, ina karafuu mpya. Kofia iko barazani. Mavyaa macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo binti ndiye anayepitisha uzi, kisha anamkabidhi, kisha anahesabu. Viua vilivyochanwa vilikuwa 46. Jana walikifikia cha 19, na binti ameandika ukutani kwa penseli kuwa zimebaki sehemu 27 kwa 46, na kwamba hazifupishiki.