Mpwani Katika Nchi ya Lituma

Wa nyumbani, mwenzenu aliyehamia Kisangani kutafuta riziki hajambo, na habari zilizofika Kariakoo kwamba amekonda ni uzushi mtupu. Suruali alizoondoka nazo hazifungi tena, na sababu zake zitaelezwa hapa chini.

Kwanza pesa, maana ndipo mgeni anapofunzwa adabu. Mji huu hutumia faranga za Kongo na dola za Marekani, lakini noti hizi hazipewi heshima sawa. Ile ya faranga 500 inaweza kuwa imechakaa, imeungwa kwa utepe na inanuka samaki, nayo ikapokelewa bila maneno. Dola sharti iwe mpya. Ikiwa na mchaniko mdogo ukingoni, muuzaji huinyanyua juani, huipapasa kona zote nne, kisha humrudishia mwenyewe kwa uso wa daktari mwenye majibu mabaya. Mwenzenu sasa hulaza dola zake katikati ya daftari kubwa, wala hakunji hata moja.

Barabarani mwenzenu alipiga kelele "boda!" mpaka koo likakauka. Hakuna aliyegeuka. Huku husemwa toleka, jina la zile baiskeli zenye mto wa kukalia nyuma, zilizoubeba mji huu miaka ya vita, mafuta yalipokuwa adimu. Ni mji ambao Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na Uganda, yalipigana mitaani mwake kwa siku 6, na wakazi wanaokumbuka husimulia kwa sauti ya chini, halafu hubadili mazungumzo. Siku hizi pikipiki zimezisukuma baiskeli pembeni. Hata hivyo mwenzenu anazipenda zaidi, kwa sababu dereva wa toleka huwa na muda wa kumhoji abiria: ametoka wapi, ana watoto wangapi, na kwa nini Kiswahili chake kinafanana na cha redio.

Kisangani ina wilaya ndogo sita. Tano ziko ukingo wa kulia wa Mto Kongo; ya sita, Lubunga, iko ng'ambo, na ndiko inakoanzia reli ya kwenda Ubundu iliyojengwa ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Daraja hakuna. Watu huvuka kwa mtumbwi pamoja na mkaa, mikungu ya ndizi, mbuzi na baiskeli zao. Mwenzenu, mtoto wa bahari, aliyezoea kujigamba habari za Kigamboni na Nungwi, aliushika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili hadi mpiga kasia akamhurumia: "Papa, usiogope, maji iko tu maji."

Sasa tule.

Mamantilie wa huku ana kibanda kiitwacho malewa. Siku ya kwanza mazungumzo yalikwenda hivi:

"Papa, unakula lituma ao loso?"

"Kisamvu kipo, mama?"

"Pondu iko."

"Ya nazi?"

"Nazi? Tutoe wapi nazi, papa? Mawese iko!"

Lituma ni fahari ya mji. Ndizi za kupika huchemshwa hadi zilainike, hutiwa kinuni zikiwa bado zinatoa moshi, hutwangwa mpaka zinavutika, kisha mama hulowesha kiganja na kuzifinyanga donge moja zito, laini kwa juu. Huliwa kwa mkono, pamoja na pondu au samaki wa liboke, yaani aliyefungwa kwenye majani mapana ya msituni na kuivia juu ya makaa. Ukifungua kifurushi, mvuke wa kwanza ni wako peke yako. Donge moja la lituma linamtosha mtu hadi jioni. Mwenzenu huagiza mawili, na hapo ndipo suruali zinapoingia katika habari hii.

Kuhusu mawese, msimcheke. Kilomita zipatazo 100 magharibi ya hapa, kwenye ukingo huohuo wa mto, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, kilichoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Huko ndiko watafiti walikoeleza, mwaka 1941, jinsi unene wa kokwa la mchikichi unavyorithiwa, na maarifa hayo yamejaza mashamba ya Malaysia na Indonesia michikichi ya aina iitwayo tenera. Kwa hiyo hata mafuta ya kukaangia mihogo huko Temeke yana undugu wa mbali na msitu huu.

Na wali? Mwenzenu alipoanza kuulilia wali, jirani mmoja alimkumbusha kwamba mpunga ulifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waungwana kutoka pwani. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip mwenye nyumba Mji Mkongwe, alikuwa liwali wa Stanley Falls, yaani hapahapa, kuanzia mwaka 1887. Mpunga aliuacha, deni la meno ya ndovu na la watu waliotiwa minyororo nalo halijasahaulika. Jirani aliyasema yote mawili bila kupandisha sauti, akamsogezea mwenzenu sahani ya loso na maharage.

Akiwa na nafasi, mwenzenu huenda kwa wavuvi Wagenya, kwenye poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma. Wavuvi hao husimika magogo katika matundu ya mwamba, katikati ya maji yanayonguruma, huyafunga kwa kamba za mimea ya msituni, kisha huning'iniza madema makubwa yenye umbo la tarumbeta. Maji yenyewe ndiyo yanayovua. Mtu huingia mtoni kukagua, akijishikilia kwa kamba, na samaki hugawanywa kwa ukoo. Mgeni hulipa kiingilio, na bei yake hujadiliwa kwa ufasaha wa kutisha.

Vikabaki viwavi. Mbinzo, ndilo jina lao huku, hurundikwa sokoni kwa mafungu, wabichi wakati wa msimu na wakavu wakati mwingine. Mwenzenu aliwakwepa kwa kisingizio cha tumbo, kisha cha dini, kisha cha meno, mpaka alipotiliwa kijiko kimoja chenye kitunguu na pilipili. Tangu siku hiyo tumbo limepona.

Juzi ametua kijana wa Mombasa katika uwanja wa Bangoka, akaulizia chapati na kuku wa kupaka. Mwenzenu akampeleka malewa, akaagiza lituma na mbinzo za watu wawili bila kumuuliza. Mama akamtazama mgeni, akataka kujua anatoka wapi. Kijana hajafungua kinywa, mwenzenu akajibu:

"Huyu, mama, ni mutu wa mbali."